Uzi: Parokia ya Mtakatifu Thomas ya Philadelphia na hesabu ya paundi 177, shilingi 9 na peni 8

MLETA UZI

Tumsifu Yesu Kristo, wanajukwaa. Walio wa imani nyingine nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mhazini wa mtaa mmoja wa Kanisa Anglikana mkoani Tanga, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11. Kila tunapozungumzia huduma ya kanisa kwa wenye shida, nimeona mazungumzo yakiishia mahali pamoja: kwamba makanisa ya ng'ambo yanaweza kwa sababu yana fedha, na sisi tusubiri mfadhili. Ninaleta habari za parokia moja ya Marekani iliyoanza bila fedha, ikiundwa na watu ambao wengi wao walikuwa wametoka utumwani juzijuzi, na ambayo kabla ya kufungua milango ya kanisa lake ilikuwa imekwisha kuuguza na kuzika watu wa mji mzima. Ninaomba uvumilivu wenu, maana uzi ni mrefu.

Nianze kwa kuondoa utata wa jina. Kanisa la Episkopali ni Waanglikana wa Marekani. Baada ya vita vya uhuru walibaki bila askofu hata mmoja, na kiapo cha kuwekwa wakfu Uingereza kilitaka utii kwa mfalme waliyetoka kumpiga vita. Ndiyo maana Samuel Seabury alikwenda Aberdeen, Scotland, akawekwa wakfu na maaskofu wa huko mwaka 1784. Na William White wa Philadelphia akawekwa wakfu London mwaka 1787, baada ya Bunge la Uingereza kulegeza sharti hilo. Huyu White ndiye askofu wa habari yetu.

Mwenye habari yenyewe, hata hivyo, ni Absalom Jones. Alizaliwa mtumwa mwaka 1746 katika wilaya ya Sussex, Delaware. Alijifunza kusoma akiwa mtoto, kwa kitabu alichonunua kwa vijisenti alivyopewa na wageni wa nyumba ile. Mwaka 1762 bwana wake aliwauza mama yake na ndugu zake, kisha akamchukua yeye peke yake hadi Philadelphia, ambako mchana alifanya kazi dukani na usiku, baada ya kuomba ruhusa, alisoma katika shule ya Waquaker, Wakristo waliojulikana kwa kupinga utumwa. Mwaka 1770 alimwoa Mary, naye mtumwa wa nyumba nyingine.

Hapa ndipo moyo wangu uliposhikwa. Walipoanza kukusanya fedha za kujikomboa, kwa kukopa na kuomba na kufanya kazi hadi usiku wa manane, hawakuanza na yeye. Walianza na mke, kwa kuwa sheria ilimpa mtoto hali ya mama yake: mama akiwa huru, mtoto huzaliwa huru, hata kama baba bado ni mali ya mtu. Absalom alimaliza kulipia uhuru wa Mary, akaendelea kuwa mtumwa kwa miaka kadhaa akiwa mume wa mwanamke huru, na hati yake mwenyewe hakuipata hadi mwaka 1784. Mtu aliyejua kupanga nani alipiwe kwanza na kwa nini, huyo alikuwa mhazini tangu kabla hajapewa cheo chochote.

Aprili 1787 yeye na Richard Allen, naye aliyejikomboa kutoka utumwani, waliunda Chama cha Waafrika Huru. Masharti yake kila mmoja wetu hapa atayatambua. Mwanachama alitoa shilingi 1 ya fedha kila mwezi, na baada ya mwaka mzima wa kuchangia, aliyepatwa na shida alipewa shilingi 3 na peni 9 kwa wiki, mradi shida hiyo asiwe ameitafuta mwenyewe kwa uzembe. Wajane walisaidiwa na watoto wa marehemu waliangaliwa. Kwa lugha yetu, hicho ni chama cha kufa na kuzikana. Kanisa la Mtakatifu Thomas lilichipuka katika chama cha kufa na kuzikana, wala si kinyume chake. Huduma ilitangulia, madhabahu ikafuata.

Wakati huo walikuwa wakisali katika kanisa la Wamethodisti la Mtakatifu George. Waumini weusi walipozidi kuwa wengi walisukumwa pembeni, kisha wakaelekezwa roshani. Jumapili moja, watu wakiwa wamepiga magoti katika sala, msimamizi mmoja alimshika Jones akimvuta ainuke mahali pale. Jones alimwomba asubiri hadi sala iishe. Hakusubiriwa. Sala ilipokwisha walitoka wote kwa pamoja, na Allen aliandika baadaye kwamba kanisa lile halikusumbuliwa nao tena. Jambo la kuuma zaidi ni kwamba walikuwa wametoka kuchangia ukarabati wa kanisa hilohilo, kwa fedha na kwa jasho.

Wakaamua kujenga lao. Agosti 1793 fremu ya paa iliinuliwa, ikafanyika karamu chini ya miti. Wageni weupe wapatao 100 walikaa mezani wakihudumiwa na Waafrika, kisha wakainuka, na Waafrika wapatao 50 wakaketi wakahudumiwa na weupe. Daktari Benjamin Rush, mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani, alikuwapo, akaiandika siku ile kwa furaha kubwa.

Siku chache baadaye mji ulikuwa umeshikwa na homa ya manjano.

Philadelphia ilikuwa na watu wapatao 50,000. Hadi baridi ilipoingia na kuikata homa ile, walikuwa wamekufa baina ya 4,000 na 5,000. Wenye uwezo walikimbia, akiwamo Rais Washington na sehemu kubwa ya serikali, kwa maana Philadelphia ndiyo iliyokuwa makao makuu ya nchi. Hakuna aliyejua kwamba mbebaji wa ugonjwa ni mbu, jambo ambalo halikuthibitishwa hadi mwaka 1900. Na mbu mwenyewe ni huyuhuyu anayetuletea dengi Dar es Salaam. Rush aliamini kwamba watu weusi hawapati homa hiyo, akawaandikia Jones na Allen kuwaomba wasaidie. Alikosea. Waafrika walikufa pia, zaidi ya 200.

Lakini walikwenda. Waligawana mitaa, wakaingia nyumba ambazo ndugu wa damu walikuwa wamezikimbia, wakawanywesha maji waliokuwa wakifa, wakawaosha, wakatafuta majeneza, wakabeba. Walifundishwa na Rush kutoboa mshipa na kutoa damu, tiba iliyoaminika wakati ule, wakawafanyia hivyo watu zaidi ya 800. Walikuta watoto wadogo wamebaki peke yao na maiti za wazazi wao, wengine wakidhani mama amelala. Wakawachukua kwa wasimamizi wa yatima.

Homa ilipopungua, mchapishaji mmoja wa mji, Mathew Carey, alitoa kijitabu kilichosema kwamba baadhi ya wauguzi weusi waliwatoza wagonjwa kupita kiasi na kuiba majumbani. Kijitabu kilinunuliwa sana. Fikirini hali ya watu wale: wameuguza, wamezika wenzao, na sasa mji mzima unawatazama kama wezi.

Jones na Allen walijibu Januari 1794 kwa kijitabu chao, na ndani yake wakaweka hesabu. Ninaiandika hapa kama ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu (paundi 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 ilikuwa peni 12). Fedha zote walizopokea kwa kuzika maiti na kufukia vitanda vya waliokufa: paundi 233, shilingi 10 na peni 4. Walizolipa kwa majeneza ambayo hawakurudishiwa chochote: paundi 33. Walizolipa kwa kuajiri watu 5, watatu kwa siku 70 kila mmoja na wawili kwa siku 63, kwa shilingi 22 na peni 6 kwa siku: paundi 378. Nimekaa mezani nikapiga hesabu mwenyewe. Siku zote jumla ni 336. Ukizizidisha kwa ujira ule unapata paundi 378 kamili, hakuna hata peni iliyopotea. Matumizi yote ni paundi 411. Ukitoa mapato, hasara iliyotoka mifukoni mwao ni paundi 177, shilingi 9 na peni 8, ndiyo waliyoiandika. Wakaongeza kwamba wamezika mamia ya maskini na wageni ambao kwa ajili yao hawakupokea malipo wala hawakuyadai. Na Meya Matthew Clarkson akawapa hati ya kushuhudia kwamba amezifahamu kazi zao na ameridhika nazo.

Walieleza pia bila kificho ujira ulipandaje: wenye nyumba wenyewe walishindana kumvuta muuguzi mmoja, huyu akitoa dola 2, yule 3, yule 4. Meya alipowaita kuwauliza, walimwambia hivyohivyo. Hawakudai kwamba kila mtu mweusi alikuwa malaika. Walidai kwamba waliofanya kazi wahukumiwe kwa kazi yao.

Julai 17, 1794, kanisa lilifunguliwa. Walio wengi walichagua kuwa Waepiskopali. Allen, ambaye ndiye aliyeombwa kwanza kuwa mchungaji wao, alibaki Mmethodisti na kuanzisha Bethel, mama wa kanisa la AME (African Methodist Episcopal, kanisa la Wamethodisti weusi) linalojulikana hadi Afrika Kusini. Jones akakubali wito. Waliingia dayosisi ya Askofu White kwa masharti matatu: wapokelewe kama kundi lililokwisha kuundwa, waendeshe mambo yao wenyewe daima, na Jones apewe ruhusa ya kuongoza ibada na akifaa apewe daraja. Alifanywa shemasi mwaka 1795 na kasisi mwaka 1802, mweusi wa kwanza kuwa kasisi wa Episkopali. Ukutani walichonga neno la Isaya: "Watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu."

Sitaki kuficha upande wa pili. Jones alisamehewa mtihani wa Kiyunani na Kilatini, lakini kwa gharama ya parokia yake kunyimwa haki ya kutuma wajumbe katika mkutano wa dayosisi, na mlango huo ulibaki umefungwa hadi miaka ya 1860. Walipokelewa, ila hawakupewa kiti mezani. Hata hivyo, katika miaka hiyo yote walianzisha shule, vyama vya kusaidiana, na mwaka 1799 Jones na wenzake wapatao 70 walipeleka maombi Bungeni kupinga sheria iliyowaruhusu wawindaji kuwakamata watu weusi na kuwarudisha utumwani.

Sasa sababu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, mafuriko yalipovunja nyumba za watu bondeni, mtaa niliokuwa nikiuhudumia ulichanga fedha, mahindi na mablanketi. Michango ilikuwa mizuri. Tuligawa, na ninashuhudia mbele za Mungu kwamba tuligawa vyema. Lakini mimi, kwa uchovu na kwa kuamini kwamba watu wananijua, sikusoma hesabu mbele ya kanisa. Ndani ya miezi miwili maneno yalienea kwamba mablanketi yameuzwa. Nilikuwa na stakabadhi zote nyumbani, kwenye boksi la viatu, na hakuna aliyekuwa ameziona. Mwaka uliofuata nyumba ya mjane iliungua, tukapitisha kapu, likarudi na shilingi elfu kumi na nne. Yule mama hakuwa na kosa lolote katika jambo hilo.

Hoja yangu kwenu ni hii: huduma ya parokia kwa jamii haisimami kwa ukubwa wa mfuko, inasimama kwa daftari lililo wazi. Naomba michango.

MCHANGIAJI, DODOMA

Ndugu Mhazini, nakushukuru kwa kazi kubwa. Nina swali la heshima. Maaskofu wetu wa Tanzania walitangaza mwaka 2006 kwamba ushirika wetu na Episkopali ya Marekani umejeruhika, kwa sababu ya msimamo wao kuhusu mahusiano ya jinsia moja. Je, ni busara kuwapa waumini wetu mfano kutoka huko? Wengine watadhani tunaingiza kwa mlango wa nyuma mambo tuliyoyakataa.

MLETA UZI

Ndugu yangu, swali ni la haki na sitalikwepa. Msimamo wa maaskofu wangu ninauheshimu na siuleti hapa kuupinga. Ninachokileta ni cha mwaka 1794, kilichofanywa na Waafrika waliotolewa magotini wakiwa katika sala. Kama kuna watu wa Marekani ambao ni ndugu zetu wa karibu kuliko wote, ni hao. Ningesikitika sana ugomvi wa wakati wetu utuzuie kusoma daftari la Absalom Jones.

MCHANGIAJI, UNGUJA

Mhazini, umenikumbusha nyumbani. Mimi nimebatizwa Mkunazini, katika kanisa kuu la Anglikana la Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia saini, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba madhabahu imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyekuwa akitafsiri Maandiko kwa Kiswahili huku akisimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba waumini wa kwanza wa huku nao walikuwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, watoto waliokusanywa katika misheni ya Kiungani na wasichana waliokaa katika misheni ya Mbweni. John Swedi, mmoja wa wavulana hao, akawa shemasi mwaka 1879. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule Philadelphia waliokombolewa ndio walioshika mfuko tangu siku ya kwanza. Huku mfuko ulishikwa na wamisionari kwa muda mrefu mno, na nadhani hadi leo tunalipia jambo hilo: mtu anatoa sadaka kama anayelipa kodi ya mtu mwingine, hajioni kuwa mwenye mali.

MLETA UZI

Hapo umesema neno nililokuwa nikilitafuta na sikulipata. Sharti lao la pili, la kuendesha mambo yao wenyewe daima, nilikuwa nikilisoma kama jambo la heshima tu. Sasa naliona kuwa ni jambo la uhazini.

MCHANGIAJI, MASASI

Shikamoo Mzee Mhazini, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ni katibu wa akina mama katika mtaa wetu. Nimesoma yote na nimefurahi, lakini wanawake katika habari hii ni Mary peke yake, naye amelipiwa. Wauguzi ni nani, Mzee? Maana najua vizuri ni nani hukesha na wagonjwa.

MLETA UZI

Marahaba, mwanangu, na umenikumbusha wajibu wangu. Mwaka uleule wa 1793 wanawake wa kundi lile waliunda chama chao cha hisani, kabla hata kanisa halijafunguliwa. Na katika kijitabu chao Jones na Allen hawakuweka hesabu tu, waliweka majina ya wauguzi.

Yupo Mary Scott, aliyemuuguza Bwana Richard Mason pamoja na mwanawe, wote wawili wakafariki. Mjane alipomuuliza anadai kiasi gani, Mary alisema nusu dola kwa siku. Mjane akamwambia hiyo haitoshi kwa kazi aliyoifanya. Akajibu kwamba inatosha, na hatapokea zaidi. Mjane yule akamwandikia posho ya paundi 6 kila mwaka kwa maisha yake yote. Yupo Sarah Bass, mjane maskini, aliyezunguka nyumba kadhaa bila kutaka chochote. Na yupo mama mzee ambaye jina lake halikuandikwa, aliyeulizwa ujira wake akasema atatosheka na chakula cha mchana siku moja ya baridi.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Siku ya baridi ndiyo siku ambayo maskini wa Philadelphia alikosa kazi na kuni. Mama yule hakuwa akitoa maneno mazuri. Alijua hasa ni siku gani atahitaji kula kwa mtu.

MCHANGIAJI, MAREKANI

Salamu kutoka ughaibuni. Mimi si wa parokia ya Mtakatifu Thomas, ambayo baada ya kuhama mara kadhaa sasa iko Overbrook, magharibi mwa Philadelphia. Nasali katika parokia ya Episkopali ya mji mdogo, na naweza kueleza mambo yanavyokwenda kwa ndani, kwa sababu yanahusiana na hoja ya Mhazini.

Kila mwaka kuna mkutano mkuu wa parokia. Waumini huchagua halmashauri, na halmashauri ndiyo inayomtafuta na kumwita padri, kwa ridhaa ya askofu. Kila kaya huandika ahadi ya mwaka, kama ahadi zetu za bahasha nyumbani, na bajeti hutengenezwa kwa ahadi hizo. Siku ya mkutano karatasi ya mapato na matumizi huwekwa kwenye viti, na mtu yeyote husimama akauliza. Mwaka wangu wa kwanza niliona bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80 akiuliza kwa nini gharama za kupasha joto jengo zimezidi fedha za ghala la chakula. Kimya kilikuwa kirefu. Mwaka uliofuata ibada za majira ya baridi zilihamia ukumbi mdogo.

Ghala lenyewe hufunguliwa Jumamosi asubuhi. Hatuwaulizi watu vitambulisho. Wanapanga foleni wakiwa na toroli, wanachagua wenyewe unga, maharage, mayai, nepi; tulikuwa tukiwafungia mifuko tayari, tukagundua kwamba vitu vingi vilikuwa vikitupwa kwa kuwa hatukujua watu wanakula nini. Familia za Wakongo zilipoanza kuja, mama mmoja alinisikia nikizungumza na mwanangu, akaniuliza kwa Kiswahili kama hakuna unga wa ugali. Hakukuwa na unga wa ugali. Sasa upo, na mama huyo ndiye anayeuagiza, tena jina lake liko kwenye orodha ya zamu.

MCHANGIAJI, MOROGORO

Bwana Mhazini, nakubali mengi, lakini kuna andiko linalonisumbua. Bwana wetu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Ukiliweka daftari wazi, watu wakaona nani katoa nini na nani kapewa nini, si utakuwa umepiga panda mbele yako kama wanafiki? Na aliyepewa unga utamtazamaje usoni baada ya jina lake kusomwa?

MLETA UZI

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na nimelala nalo siku mbili kabla ya kulijibu.

Andiko hilo linamhusu mtoaji na sadaka yake mwenyewe. Fedha ikishaingia kapuni si ya mtoaji tena, wala si ya mhazini. Mtume Paulo alipobeba mchango wa watakatifu kwenda Yerusalemu hakwenda peke yake. Aliwaandikia Wakorintho kwamba anajihadhari mtu asije akamlaumu kwa habari ya karama ile, akiangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu. Paulo alikuwa mtume, na bado alitaka mashahidi. Mimi ni nani hata nitosheke na boksi la viatu?

Lakini katika jambo la majina una haki, na hata katika hesabu ya Jones na Allen utaliona. Mary Scott ametajwa kwa jina, kwa sababu alitoa. Wale mamia waliozikwa bure hawakutajwa. Wameandikwa kuwa maskini na wageni, basi. Fedha imehesabiwa hadi peni, na watu wamesitiriwa. Sijaona mahali popote jambo hili limefanywa kwa uangalifu kama huo, na waliolifanya walikuwa wametoka kuzika wenzao na kuitwa wezi.

Jones alikufa Februari 13, 1818, na Episkopali humkumbuka tarehe hiyo kila mwaka. Sadaka za siku yake huelekezwa kwenye vyuo viwili vya watu weusi, Saint Augustine's na Voorhees. Majivu yake yamewekwa katika altare ya kikanisa chenye jina lake, ndani ya parokia yake.

Kwetu huku tumeanza hivi. Karatasi moja kila mwezi, mlangoni upande wa kushoto, chini ya orodha ya zamu za usafi. Safu ya kwanza ni fedha iliyoingia, ya pili iliyotoka na ilitoka kwa ajili gani, ya tatu tunachodaiwa. Majina ya waliosaidiwa yako katika daftari ambalo linasomwa na padri, mimi, na mama mmoja aliyechaguliwa na akina mama. Karatasi ya mwezi huu imebandikwa Jumapili iliyopita. Mstari wa nne ni jeneza la mtoto, shilingi 85,000, na fundi aliyelitengeneza amerudisha 20,000 akasema ziingizwe kwenye safu ya kwanza bila jina lake. Tumeziingiza.